Nilivyounguzwa na Friji ya Gesi Ndani ya Boti

Kabla hujasoma, nivumilie. Mwandiko wangu ni mbaya na maneno mengine nitayakosea herufi. Niliishia darasa la saba, na vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havikunjiki vizuri, kwa hiyo kalamu naishika kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Ukurasa mmoja unanimalizia asubuhi nzima. Muuguzi wa wodi hii ya walioungua, hapa Iringa, ndiye aliyeniomba niandike kwenye daftari lake ili wanaolala kwenye vitanda hivi wasome. Kusimama mbele ya watu nikaongea siwezi. Kuandika naweza, polepole.

Naitwa Festo. Kwetu ni Nyololo, ndani kidogo ukiacha barabara kuu. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama anachuma chai. Kwetu baridi ni ya bure. Mwezi wa sita ukifungua mlango asubuhi unakuta majani ni meupe, yameganda. Mama huziba kila tundu la nyumba kwa matambara na mifuko, hata pale dirisha lilipopasuka kidogo. Tangu nikiwa mtoto kazi hiyo tulifanya wote, yeye upande wa jikoni, mimi upande wa kulala.

Tangu utoto pia nilikuwa naogopa macho ya watu. Darasani jibu nilikuwa nalo, lakini mwalimu akinitazama linarudi tumboni. Watu waliniona mtulivu, mama akasifiwa kwa kuwa na mtoto mwenye adabu. Haikuwa adabu.

Nilipomaliza shule nilichuma chai na mama kwa muda. Halafu mtu wa kanisani kwetu akanitafutia kazi Matema, kule Kyela, kwenye boti ya kutembeza wageni Ziwa Nyasa. Mwenye boti nitamwita Bosi Elia, jina lake la kweli naliacha. Boti ilikuwa na vitanda vinne, jiko dogo na friji. Wageni walikaa humo siku mbili au tatu, tunafuata ufuko chini ya milima, tunatia nanga, wanaogelea, wanakunywa vinywaji baridi. Kazi yangu ilikuwa kuosha boti, kuvuta nanga na kuangalia friji.

Siku niliyofika nilikuwa nimevaa sweta langu la shule, la kijani, ambalo mama alikuwa amelishona kiraka kwenye kiwiko. Kyela ni joto. Bosi Elia aliniangalia jasho likinitoka akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Huyu tumwite Sweta," alisema. Tangu siku hiyo nikawa Sweta.

Aliyeniita jina langu alikuwa Dada Neema peke yake. Yeye ndiye mpishi, Mnyakyusa wa palepale, mkubwa kwangu kama miaka kumi hivi.

Sasa nieleze friji, kwa sababu ndiyo ugonjwa wangu. Ilikuwa kuukuu, imetolewa kwenye gari la watalii lililokufa. Haikutumia umeme. Ilitumia gesi ya mtungi, ileile ya kupikia. Kwa nyuma, chini, kulikuwa na kimoto kidogo cha bluu, na kimoto hicho ndicho kilichofanya ndani kuwe na baridi. Mpaka leo sielewi moto unazaaje baridi. Siku moja nilimuuliza Bosi.

"We Sweta," alisema, "umetoka kwenye baridi ya Mungu, baridi ya watu unaiulizia nini?"

Friji hiyo haikupenda kukaa kwenye maji. Boti ikilala upande, baridi inapungua. Upepo ukiingia, kimoto kinazimika. Na kwenye kitufe cha kuwashia kulikuwa na kidude cha usalama, kazi yake ni kukata gesi moto ukizimika. Kidude kilikuwa kimechakaa, kikawa kinakata gesi hata moto ukiwa unawaka. Kununua kingine Bosi hakutaka. Alichukua waya, akakandamiza kitufe mpaka chini, akakifunga kisinyanyuke. Mimi ndiye niliyemmulikia tochi.

"Sasa haitatusumbua," alisema.

Maana yake sikuijua wakati ule. Maana yake ni kwamba tangu hapo, moto uwake au uzimike, gesi inatoka tu.

Hata hivyo upepo uliendelea kuuzima. Chini ya kabati la friji kulikuwa na matundu mawili yaliyotokea nje ya boti. Hakuna aliyeniambia ni ya nini. Mimi niliona yanaingiza upepo. Siku moja wageni walipewa bia za moto, na Bosi akanigombeza mbele yao. Alisema hata friji yenyewe ina akili kuliko mimi, angalau inajua kuzimika ikichoka. Wageni wakacheka. Nilishuka chini, nikachukua sweta langu ambalo kule halikuwa na kazi, nikakata mikono yote miwili kwa kisu cha Dada Neema. Mkono mmoja kwenye tundu hili, mwingine kwenye lile. Nilisokomeza vizuri kama mama alivyonifundisha. Kimoto kikasimama wima bila kutikisika.

Bosi aliinama akaangalia. Aliziona zile sufu za kijani kwa macho yake.

"Kumbe Sweta una akili," alisema.

Ni neno zuri la kwanza alilonipa. Siku hiyo yote nilitembea mwepesi. Naliandika kwa uchungu, kwa sababu nilifurahi kweli.

Siku ya nne baada ya hapo tulikuwa tumetia nanga karibu na ufuko, asubuhi, wageni wanajiandaa kushuka kwenda kuona akina mama wanavyofinyanga vyungu. Nilishuka chini kuchukua maji. Nikasikia harufu kama kitunguu kilichooza. Niliinama, kimoto kilikuwa kimezimika. Kilizimika saa ngapi sijui. Niliijua harufu ile, ni ya gesi. Nikafunga koki ya mtungi. Halafu nikapanda ngazi kwenda kumwambia Bosi.

Alikuwa katikati ya wageni, anawasimulia kisa, wote wanacheka. Kichwa changu kilitokeza juu ya ngazi. Akageuka.

"Nini, Sweta?"

Wageni wote wakanitazama. Walikuwa wanne. Bado nazikumbuka sura zao, hata yule aliyekuwa amevaa kofia ya majani.

"Hakuna kitu, bosi," nilisema.

Nikarudi chini.

Waliposhuka wote pamoja na Bosi, nilifanya kama tunavyofanya nyumbani jiko likitoa moshi. Nilifungua madirisha mawili ya juu, nikapunga taulo muda mrefu mpaka mkono ukachoka. Nikanusa. Harufu ilikuwa imeisha. Niliwaza, wageni wakirudi watakuta vinywaji vya moto na nitatukanwa tena. Nikafungua koki, nikapiga magoti mbele ya friji, nikawasha kiberiti.

Watu huniuliza mlio ulikuwaje. Mlio sikuusikia. Niliona bluu inatembea sakafuni, inakuja kutoka kila upande, halafu ikasimama ikawa ya manjano. Ilinipanda kutoka magotini. Nilifunika uso kwa mkono wa kulia, ule ule ulioshika kiberiti. Nywele zilinuka kabla sijasikia maumivu.

Sijui nilipandaje ngazi. Dada Neema alikuwa juu anaosha vyombo.

"Festo, ziwani," alisema. Hakupiga kelele. Niliposimama kama mti alinisukuma mwenyewe, na yeye akaruka nyuma yangu. Alinishika chini ya makwapa, akashika kamba ya nanga kwa mkono mwingine, tukakaa majini.

"Usitoke. Ukitoka nakupiga," aliniambia. "Kaa hapa hapa, maji yafanye kazi."

Niliangalia mkono wangu ndani ya maji. Ngozi ilikuwa imetoka kwenye vidole na inaning'inia kwenye kucha kama soksi iliyovuliwa nusu. Ilikuwa inaelea. Chini yake nyama ilikuwa nyeupe na nyekundu, na nilishangaa kwamba haiumi. Ilianza kuuma baadaye.

Watu wa ufukoni walikuja na mtumbwi, wakanitoa. Kila mmoja alikuwa na dawa. Mmoja alinipaka dawa ya meno. Mwingine alivunja mayai mabichi juu ya mkono. Mwingine alikimbia kutafuta manyoya ya sungura. Dada Neema aliwaambia, "Maji tu jamani, msimpake," lakini alikuwa mmoja na wao wengi. Bosi Elia alifika akihema. Aliitazama boti inayofuka moshi, halafu akanitazama mimi. Alianza na boti.

"Umeniua," alisema. "Sweta, umeniua."

Nilipelekwa hospitali ya rufaa Mbeya mjini nyuma ya gari la mizigo. Daktari alifungua kanga niliyofunikwa, akauinamia mkono.

"Nani kakupaka hivi?"

"Watu," nilisema.

"Watu walikuwa wanapika keki?"

Walinikwangua yale mayai na dawa ya meno kwa maji na vitambaa. Hapo ndipo nililia mara ya kwanza. Magoti yaliungua, mapaja kidogo, shingo, sikio moja, na mkono wa kulia mpaka karibu na kiwiko. Daktari alisema uso uliokolewa na yale maji ya ziwa, na kwamba aliyenisukuma alifanya kazi kuliko wote waliofuata.

Siku nyingine aliniuliza ilivyokuwa, nikamweleza kwa sauti ndogo. Alichukua beseni la muuguzi, akaliweka kitandani.

"Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa," alisema. "Inakaa chini, kama maji kwenye beseni hili. Nyumbani ingetoka chini ya mlango. Boti haina mlango chini. Ulipopunga taulo ulipunga hewa ya juu. Gesi ilikuwa miguuni kwako. Hayo matundu yaliwekwa ili itoke."

Basi nikajua. Nilikuwa nimeiziba nyumba yangu na mwizi akiwa ndani.

Mama alifika kutoka Nyololo akiwa bado amevaa viatu vya shambani. Hakulia mbele yangu. Alikaa pembeni ya kitanda akanishika unyayo, kwa sababu unyayo haukuungua.

Wiki iliyofuata Bosi Elia alikuja na mkate na soda. Alimsalimia mama kwa heshima zote, shikamoo mama, pole mama. Halafu akatoa mfuko wa nailoni, akamwaga kitu kitandani. Ulikuwa mkono wa sweta, wa kijani, umeungua upande. Kiraka kilikuwa bado kipo kwenye kiwiko.

"Mama, kitambaa hiki unakifahamu?"

Mama alikishika. Alipapasa mshono wake mwenyewe.

"Nakifahamu," alisema.

"Mwanao ndiye aliyeziba matundu ya boti kwa kitambaa hiki. Watu wakiuliza, na aseme hivyo hivyo, ukweli tu. Mimi sina ubaya naye. Kijana ametoka kijijini, hakujua."

Alikuwa anasema kweli, na alikuwa anadanganya. Waya hakuutaja. Wala hakusema kwamba aliinama akaziona zile sufu na kunisifu. Nilikuwa na maneno yote hayo mdomoni. Mama alikuwa ananitazama, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanatazama.

"Ni kweli, Festo?" mama aliuliza.

"Ni kweli, mama," nilisema.

Bosi aliondoka. Mama hakuula mkate ule, akampa mwenzangu wa kitanda cha pili.

Walinipandikiza ngozi kutoka pajani. Paja liliuma kuliko mkono. Siku za kubadilisha bandeji nilikuwa nasikia troli ikija toka mbali, nashika chuma cha kitanda kwa mkono wa kushoto. Lakini ngozi ilishika. Waliponiruhusu daktari alisema jambo moja mara tatu: mkono ukae umefungwa kwenye kibao, vidole vimenyooka, na nirudi kwa mazoezi kila wiki. Alisema, "Vidonda vimekubali. Usije ukaupoteza mkono nyumbani."

Nikaupoteza nyumbani. Ilikuwa mwezi wa sita. Kibao kiliniuma, na baridi iliingia kwenye ngozi mpya kama sindano. Mama aliniona nauma shuka. Alifungua kibao, akakunja vidole taratibu kwa upendo, akauviringisha mkono kwa kanga na sweta juu yake. Kwetu kinachouma hufunikwa. Maumivu yalipungua siku hiyo hiyo. Kliniki sikwenda. Nilikuwa naogopa watu watakavyoitazama shingo yangu na sikio langu lililosinyaa. Mama akisema twende, nasema kesho. Miezi mitatu ikapita hivyo, ndani, madirisha yamezibwa.

Siku tuliyofungua ile kanga kuangalia vizuri, vidole vilikuwa vimeshikana na kiganja. Ngozi imevuta, imekuwa ngumu kama kamba. Nilikuwa na ngumi. Chai haichumwi kwa ngumi. Jembe halishikwi. Mama aliutazama mkono muda mrefu.

"Mimi nimekufunga," alisema. Hajawahi kulisema tena neno hilo, lakini najua kila siku analisema moyoni.

Ndipo mama mdogo wangu anayeishi Ipogolo, hapa Iringa, akanichukua, nikaletwa hospitali hii. Walinipasua tena, wakaachanisha vidole, wakachukua ngozi kutoka paja la pili. Safari hii kibao sikukifungua. Kwenye wodi nililala karibu na mzee mmoja wa Madibira aliyeungua akichoma mabua ya mpunga. Kila troli ikiingia alikuwa anasema, "Haya, wapishi wamekuja kutugeuza." Nilicheka mara ya kwanza tangu boti. Kucheka kulivuta shingo, ikauma.

Mazoezi nilifanya na dada mmoja mwenye mikono yenye nguvu. Alikuwa anavuta kidole kimoja kimoja.

"Unalia?" aliuliza siku ya kwanza.

"Hapana."

"Basi lia. Ukinyamaza nitajuaje nimefika mwisho?"

Swali lile nililibeba mpaka Ipogolo. Kwa mama mdogo kazi yangu ilikuwa kupukuchua mahindi kwa mkono mbovu, gunzi moja asubuhi, halafu mawili. Punje zilianguka na damu kidogo mwanzoni, zile tuliwapa kuku. Leo kidole gumba, cha shahada na cha kati vinafunguka. Viwili vya mwisho havikunjiki wala havinyooki, vimebaki katikati.

Lakini nikitoka nje mkono niliuweka mfukoni. Mwaka mzima uliishi mfukoni mwa koti.

Mwaka huu Dada Neema alinipigia simu. Alisema boti imetengenezwa, na Bosi amepata friji nyingine ya gesi. "Festo, ameifunga waya tena," alisema. "Nimemwambia, anasema wewe ndiye uliyeziba matundu, waya hauna kosa. Mimi nikisema ananiona mpishi. Wewe ulikuwepo."

Nilikaa siku mbili bila kula vizuri. Siku ya tatu nilipanda basi.

Niliwakuta ufukoni Matema asubuhi, wageni wanapakia mizigo. Kulikuwa na mama mmoja na mtoto wake wa kike, wameshapanda botini. Bosi Elia aliniona kwa mbali.

"Sweta. Karibu, karibu. Umepona kabisa bwana."

Wote wakageuka. Yalikuwa macho yale yale. Nikautoa mkono mfukoni, nikaunyanyua juu, nikaufungua mpaka unapofika.

Nilisema, "Friji ya humo imefungwa waya. Moto ukizimika gesi inaendelea kutoka, inajaa chini. Mimi nilimmulikia tochi alipofunga ile ya kwanza. Matundu niliziba mimi, na yeye aliona akanisifu. Ndiyo nikawa hivi."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu. Sauti ilikatika katikati, nikairudia. Yule mama aliutazama mkono, halafu akamshika mtoto wake wakashuka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Dada Neema aliingia ndani, akautoa mtungi, akaukalisha mchangani mbele ya miguu ya Bosi.

"Mshamba mkubwa wewe," Bosi aliniambia. "Nilikupa kazi. Umekuja kuniharibia."

Hakuniomba radhi na sitegemei. Neema alifukuzwa siku hiyo, sasa anauza chakula Kyela mjini. Anasema wageni walipokataa kurudi, Bosi aliing'oa friji. Siku hizi anabeba vipande vya barafu kwenye boksi, na vinywaji vinakuwa baridi siku zote mbili. Barafu ingetosha tangu mwanzo.

Namshukuru Mungu kwa uhai. Nawashukuru madaktari wa Mbeya na wa hapa, mama na mama mdogo, na Dada Neema aliyenisukuma majini. Kwako uliyelala hapo kitandani: kibao usikifungue, hata anayekupenda akikuonea huruma. Nenda kwenye mazoezi na sura hiyo hiyo uliyo nayo. Ukiungua, maji safi ya baridi peke yake, muda mrefu, mayai yaache yaliwe. Ukinusa gesi funga mtungi, usiwashe kitu chochote, fungua milango, toka. Tundu usilolijua usilizibe. Na anayecheka mkatishe kicheko chake.

Kurasa tatu baada ya hii nimeziacha wazi. Naomba uniandikie humo, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu, hata kwa mkono wa kushoto. Kila mwezi nakuja kliniki, muuguzi ananifungulia droo, nitasoma na nitajibu polepole. Niambie uliunguaje. Kama kabla ya moto kuna kitu ulikinusa ukanyamaza, niambie na hicho, na nani alikuwa anakutazama.